Kitaliano Bila Kupitia Ung'eng'e

Oya wana, nisikilizeni kabla bando halijakata. Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili ana uwezo wa kubonga Kitaliano haraka kuliko alivyohangaika na ung'eng'e, na sisi wa Shinyanga hakuna aliyetuambia. Nazungumzia Kitaliano cha kupiga stori: kusalimia, kuuliza bei, kusema una njaa, kueleza kwamba kichwa kinauma, kuagana mpaka kesho. Cha kuandikia ubalozi kitakuja baadaye. Hicho cha stori, dogo wa hapa kwetu Didia mwenye masikio mazuri na asiye na aibu anakidaka kabla mpunga alioupanda haujaingia ghalani.

Najua swali linalokuja. Kitaliano, hapa Shinyanga Vijijini, cha nini? Anza na jina la sekondari iliyopo hapahapa kwetu: Don Bosco. Hiyo "Don" ni namna Wataliano wanavyomwita padri kwa heshima. Giovanni Bosco alizaliwa 1815 kwenye kijiji cha Becchi, mashambani huko karibu na Torino, mtoto wa familia ya wakulima iliyounga unga. Alipokuwa padri alikuta Torino imejaa vijana waliotoka vijijini kusaka kibarua, wanalala popote, hawana ndugu wala fani. Akawakusanya, akawapa sehemu ya kucheza, kusoma na kujifunza ufundi. Shirika lake la Wasalesiani lilizaliwa 1859, na Tanzania liliingia 1980. Stori ya kijana anayeacha jembe kijijini kukimbilia mjini kutafuta mkwanja, wana wa Didia wanaopanda gari njia panda ya Tinde kwenda Kahama na Geita wanaielewa bila mkalimani. Sasa jina la mtu tunalitamka kila siku, lugha aliyowafundishia wale vijana tunaiona ya mbali. Kwa nini?

Na sio Don Bosco peke yake. Giuseppe Allamano, aliyesoma kwa Don Bosco mwenyewe akiwa dogo, alianzisha Wamisionari wa Consolata kule Torino 1901, na 1919 walikuwa wameshafika Iringa; ndio wa misheni ya Tosamaganga wale. Oktoba 2024 alitangazwa mtakatifu. Madaktari wa CUAMM kutoka Padova wapo Tanzania tangu 1968. Ukishuka Dar, kule Kigamboni kuna TIPER, iliyoanza miaka ya 60 kama kiwanda cha kusafisha mafuta, na herufi mbili za mwanzo za jina hilo ni Tanzania na Italia. Hata gulioni, geuza kiatu cha ngozi cha mtumba uangalie soli. Ukikuta kimegongwa muhuri wa "vero cuoio", umeshasoma Kitaliano: ngozi halisi. Muuza mtumba anayejua maneno hayo mawili anajua pia kiatu kipi cha kuwekea bei ya kiume.

Ila chuo kikuu cha Kitaliano cha kubonga katika Afrika Mashariki kipo ufukweni, na hakina jengo. Nenda Malindi na Watamu, pwani ya Kenya. Miaka ya 60 Wataliano walijenga pale baharini kituo cha kurushia setilaiti, San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, walirusha setilaiti ya kuchunguza nyota iliyopewa jina la Uhuru. Mainjinia walikuja, wakaleta jamaa zao, jamaa wakaleta hoteli, hoteli zikaleta pizza na aiskrimu, na leo Malindi mabango ya Kitaliano unayakuta barabarani. Vijana wa pale, madereva wa tuktuk, wauza vinyago, wapishi, wanatema Kitaliano kama maji, na wengi wao hawajawahi kufungua kitabu cha sarufi. Kwetu huku ni hivyohivyo Zanzibar, Kiwengwa hasa, ambako hoteli za Wataliano zimejipanga ufukweni na mapapasi, wale vijana wanaowauzia watalii vitu ufukweni, wanabishana bei kwa Kitaliano kuanzia asubuhi.

Hawa mapapasi watu wengi wanawachukulia poa. Mimi nawaheshimu kinoma. Wamefanya kitu ambacho sisi tuliokaa darasani miaka yote na ung'eng'e tumeshindwa: walianza kuongea siku ya kwanza. Papasi hasubiri aelewe. Anasikia mtalii anasema "quanto costa?", anaona mkono unaonyesha kikoi, anajua ameulizwa bei. Kesho yake analitumia yeye. Akikosea, mtalii anamrekebisha, anarudia, mambo yanaenda. Kitaliano chake kina makosa, lakini kinauza, kinachekesha na kinapata marafiki. Sisi tulifundishwa kwamba lugha ya kigeni ni mtihani, ukikosea unachekwa na darasa zima, kwa hiyo tukanyamaza. Mtu anatoka kidato cha nne anajua kupigia mstari kitenzi lakini hawezi kuomba maji. Hiyo aibu tuliyopandikizwa ndiyo inatuzingua, na ndiyo ya kwanza kuondoka.

Haya, tuingie kwenye utamu wenyewe.

Ukifungua programu yoyote ya simu ya kujifunza lugha, Kitaliano unafundishwa kupitia ung'eng'e. Kwa hiyo mwana asiyekuwa vizuri kwenye yai anajiona ameshafeli lugha mbili kwa mpigo, anafuta programu, anarudi zake kijiweni. Mwanangu, hiyo ni kutoka Didia kwenda Kahama kwa kupitia Mwanza. Njia ya moja kwa moja ipo.

Mtaliano akiwa na njaa anasema "ho fame". Hiyo h haisomwi, unasema "o fame". "Ho" maana yake nina. Nina njaa. Hakuna la kugeuza. "Ho sete", nina kiu. "Ho sonno", nina usingizi. "Ho fretta", nina haraka. "Ho vent'anni", nina miaka ishirini. Mwingereza hapo kote anasema yeye *ni* kitu fulani, na ukipitia kwake lazima uvunje sentensi halafu uijenge upya. Wewe unayo tayari.

Angalia na hii. "C'è acqua?" Kuna maji? "Non c'è." Hakuna. Umeenda zahanati unamtafuta daktari: "c'è il medico?" Yupo? "Non c'è." Hayupo, kasepa. Neno moja dogo, linasomwa "che", linafanya kazi ya kuna, ipo na yupo.

Kichwa kinakuuma? "Mi fa male la testa." Hiyo "mi" mbele ndiyo "ni" yetu ya kati: kinaniuma. Kitu kinakufanyia wewe jambo, kama kwetu. Hata kupenda ni hivyo. "Mi piace il riso", wali unanipendeza. Na ukitaka kumwambia mtu nakupigia kesho, unasema "ti chiamo domani", hiyo "ti" ni "ku" ya nakupigia, inakaa mbele ya kitenzi. "Ti vedo", nakuona. "Ti amo", nakupenda, na hiyo tumia kwa akili. Mkiagana: "ci vediamo domani", tutaonana kesho. Sisi na wao wote tunaagana kwa kuonana.

Kitenzi chenyewe nacho hakina kona nyingi. Mswahili hana haja ya kusema mimi naongea. Akisema naongea imetosha. Mtaliano vilevile: "parlo", naongea, "parli", unaongea, "parla", anaongea, "parliamo", tunaongea, "parlate", mnaongea, "parlano", wanaongea. Sisi mtu tunamweka mwanzoni mwa kitenzi, wao wanamweka mwishoni. Ukishakubali hilo, vitenzi vinaanza kufunguka vyenyewe.

Wana wengi wanaogopa habari ya maneno ya kiume na ya kike. Jamani, mtu mwenye kitabu kizuri na vitabu vizuri, mti mzuri na miti mizuri, gari zuri na magari mazuri, anaogopa nini? Wao wana makundi mawili tu. "Libro bello", kitabu kizuri. "Libri belli", vitabu vizuri. "Casa bella", nyumba nzuri. "Case belle", nyumba nzuri nyingi. Sifa inamfuata bosi wake, kitu tunachofanya tangu tunajifunza kutembea. Dada akiwa amechoka anasema "sono stanca", kaka anasema "sono stanco". Basi.

Kiswahili hakisaidii kila mahali, lazima niseme. Yale maneno ya mbele ya majina, il, lo, la, i, gli, le, sisi hatuna, na huwezi kuyakisia. Dawa ni kutojifunza neno kavu. Usikariri "testa", kariri "la testa". Usikariri "problema", kariri "il problema", maana hilo linaishia na a lakini ni la kiume, na "la mano", mkono, linaishia na o lakini ni la kike. Mdomo ukizoea kuyatamka pamoja, kichwa hakitasumbuka. Na saa: wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo "alle sette" ni saa moja yetu. Kijana wa hoteli akichanganya hapo, mgeni anakosa boti.

Kwenye sauti tuko vizuri. Irabu zao a, e, i, o, u zinakaribiana sana na zetu, maneno yao mengi yanaishia na irabu, na mkazo mara nyingi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Ndiyo maana Mtanzania akisoma Kitaliano kwa sauti hata kama haelewi anachosoma, Mtaliano anaelewa. Mwandiko ndio wa kuzoea: "ciao" ni chao, lakini "chi" ni ki. "Pesce", samaki, inasomwa peshe. "Bagno", choo, ni banyo.

Halafu kuna mitego miwili. Wa kwanza ni herufi zinazorudiwa. Kwa mwana wa machimbo nitatoa mfano wa duarani: "pala" ni beleshi, "palla" ni mpira. Hiyo l ya pili lazima uikalie kidogo, usiipite fasta. Vivyo hivyo "sete" ni kiu na "sette" ni saba. Mtego wa pili unatuhusu sisi Wasukuma hasa, kwa sababu Kisukuma cha bibi hakina r. Kitaliano kinaidai, tena ya kutetemesha ulimi. "Vado al mare" ni naenda baharini. "Sto male" ni najisikia vibaya. Mare, male. Zirudie ukiwa unapalilia, ukiwa unasubiri abiria, ukiwa unachota maji, mpaka ulimi ukubali.

Kitu kilichonigusa zaidi katika lugha hii ni adabu yake. Kisukuma asubuhi mtu anaamkiwa "mwangaluka", jua likishapanda ni "mwadila". Mtaliano naye ana "buongiorno" ya asubuhi na mchana na "buonasera" ya jioni, na akikupita bila salamu huyo kakusudia. "Ciao" ni ya wana, ya marika. Usimrushie mzee wa watu "ciao" mara ya kwanza mnapokutana. Mtu mzima usiyemzoea unamwita "Lei", na kitenzi chake kinabadilika: mwanao unamuuliza "come stai?", mzee unamuuliza "come sta?" Ukitaka kumsimamisha njiani, mwanao ni "scusa", mzee ni "scusi". Aliyelelewa na shikamoo anaelewa hapohapo kwa nini.

Wanapiga hodi pia. Mtaliano akifika mlangoni kwa mtu anasema "permesso?", na wa ndani anajibu "avanti". Ukimkuta mtu yupo kazini unamwambia "buon lavoro", kazi njema. Anayesafiri, "buon viaggio", safari njema. Tafuta hiyo kazi njema kwenye ung'eng'e uone kama utaipata.

Sasa unaanzaje ukiwa Didia, simu ina ufa na bando ni la jero?

Mimi nashauri masikio kwanza. Kila Jumapili saa sita mchana ya Roma, Papa anasali Malaika wa Bwana dirishani, na anazungumza kwa Kitaliano. Kwetu inakuwa saa nane mchana Roma ikiwa kwenye majira ya baridi, saa saba mchana ikiwa ya kiangazi. Papa Leo XIV kazaliwa Chicago, Kitaliano amejifunza ukubwani, na hotuba ya pale ni fupi. Vatican News inaandika habari kwa Kiswahili na kwa Kitaliano. Soma habari kwa Kiswahili uielewe, halafu fungua ileile kwa Kitaliano. Maneno yataanza kujitambulisha yenyewe kwa sababu maana unayo tayari. Huhitaji kuwa Mkatoliki. Unahitaji masikio.

Kama mzuka wako ni ngoma, wapo Eros Ramazzotti na Laura Pausini, wanaimba maneno yanasikika. Wanaopenda kuchana wamsikilize Ghali, mtoto wa Milano mwenye wazazi wa Tunisia, ila huyo ni wa baadaye, anakimbia. Wa mpira wanajua pa kwenda: tafuta mahojiano ya wachezaji baada ya mechi, maana yanarudia maneno yaleyale kila wiki. Na McDonald Mariga, Mkenya aliyecheza Parma kisha akawa kwenye kikosi cha Inter kilichobeba Ligi ya Mabingwa 2010, alishaonyesha kwamba mtu wa huku anaingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha Milano na maisha yanaendelea.

Halafu tafuta mwenzako. Mmoja tu anatosha, wa kutumiana sauti WhatsApp. Asubuhi unamwambia umeamkaje, umekula nini, unaenda wapi, unadaiwa nini. Maneno yawe ya maisha yenu. Usikariri jinsi ya kuulizia treni ya chini ya ardhi wakati hujaijua "riso". Kariri mchele, mvua, ng'ombe, beleshi, deni. "Piove", mvua inanyesha. "Non piove", hainyeshi. Kwa mkulima wa Shinyanga hayo mawili yana stori ya mwaka mzima. Michembe haina jina huko, kwa hiyo itabidi ueleze: "patate dolci", viazi vitamu, "secche", vikavu. Ukiweza kumweleza Mtaliano michembe mpaka akaelewa, wewe tayari unabonga.

Kinachofungua mbele sitakiremba. Kuna kazi za hoteli na za kuongoza watalii, Zanzibar, Malindi na kwingine, na Agosti ndio mwezi Wataliano wanafunga maofisi yao na kwenda likizo. Kuna upande wa dhahabu: Arezzo na Vicenza ni miji ya masonara iliyojijenga kwa mikufu na pete, na Vicenza kuna maonyesho makubwa ya vito Januari na Septemba. Kijana wa kanda ya Geita anayesomea usonara au biashara ya madini akijua "oro", "anello" na "collana", na akaweza kujadili bei kwa lugha ya fundi wa Arezzo, anasimama sehemu tofauti na wenzake. Kuna masomo pia. Vyuo vya Italia vina kozi za Kitaliano ambazo kwa kawaida zinadai kiwango cha B2, na mikoa yao ina ufadhili unaoangalia kipato cha familia. Kati ya vyeti vinavyotambulika kuna CELI cha Perugia na CILS cha Siena. Maombi ya wanafunzi wa nje yanapitia tovuti ya Universitaly. Mtu akija kitaa na mchongo wa Italia usiopita njia hizo, anataka laki kadhaa mkononi na pasipoti yako, usimpe. Na njia ya jangwani mpaka Libya na kuvuka bahari kwa mtumbwi, mwanangu, usiifikirie. Vijana wenzetu wamefia mle.

Kinachokosekana sasa ni mlango wa Kiswahili. Waswahili wa Barawa, pwani ya Somalia, waliishi na Kitaliano kwa miaka mingi mpaka uhuru wa 1960, kwa hiyo lugha hizi mbili hazikuanza kukutana jana. Masista na mapadri wa kwetu waliosoma Roma wanarudi na Kitaliano kizuri kabisa, kisha kinalala. Madaktari waliosoma Padova na Bologna wanacho. Mapapasi wa Kiwengwa wanacho cha moto. Nawaomba nyie wote, shikamooni wakubwa, mambo vipi wana: chukueni simu, rekodini somo la dakika tano kwa Kiswahili, "ho fame" ni nina njaa, "c'è" ni kuna, mlirushe YouTube bure. Dogo wa Didia atalikuta. Msimwache apitie kwa Mwingereza.